Mganga si mchawi: walimu tulieleze hili

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Kitui. Mpwa wangu, mwanafunzi wa shule ya upili, aliniletea insha aliyokuwa ameiandika kuhusu methali 'Mganga hajigangi', akaniomba niisome. Ilikuwa insha nzuri. Hati ilisomeka, aya zilipangika, na maana ya methali ilijitokeza vyema hadi mwisho. Hata hivyo, mhusika wake, mzee mmoja mwenye mkoba wa dawa, alianza akiitwa mganga, mistari mitatu baadaye akawa mchawi, kisha akarejea kuwa mganga, kana kwamba maneno hayo mawili ni mashati ya mtu mmoja anayebadilisha apendavyo. Mwalimu alikuwa ameweka tiki pembeni na kumtuza alama 16 kwa 20.

Nilipolipigia mstari neno 'mchawi', binti huyo aliniuliza: "Kwani, Mjomba, kuna tofauti gani?"

Sikumjibu papo hapo. Nilikumbuka insha yangu mwenyewe niliyoiandika nikiwa katika shule ya msingi. Niliandika kuhusu bibi kizee mmoja wa kijijini kwetu aliyekuwa akitibu watu kwa mizizi na majani. Nilimwita mchawi kwa sababu neno hilo lilinoga, na kwa kuwa nilijua darasa litacheka. Mwalimu aliniita mbele niisome kwa sauti, na darasa kweli likacheka. Mjukuu wa bibi huyo alikuwa ameketi dawati la pili kutoka langu. Hakucheka. Tangu siku ile hatukuwahi tena kuandamana kwenda mtoni. Na bibi niliyemwita mchawi ndiye aliyenitibu jipu la mguu nilipokuwa darasa la pili, wala hakumtoza mama hata senti moja.

Basi makala haya ni jibu langu kwa mpwa wangu, na vilevile ni deni ninalolilipa kwa kuchelewa. Nayaelekeza hasa kwa walimu wenzangu na kwa wanafunzi, kwani darasani ndimo maneno haya mawili huchanganywa na kupewa tiki.

Nianze na lugha, ambayo ndiyo kazi yangu. Kikamba hakina utata wowote katika jambo hili. Anayetuhumiwa kudhuru wenzake kwa siri huitwa muoi, na kitendo chake ni uoi. Anayetibu, kuagua na kutakasa huitwa mundu mue, na kazi yake ni uwe. Mundu ni mtu. Majirani zetu Wagikuyu nao humwita mtabibu wao mundu mugo, na yule mwovu humwita murogi. Msomaji akiyatazama maneno muoi na murogi kwa makini atatambua kuwa ni neno moja. Kikamba kimedondosha konsonanti ambazo Kikuyu kimezihifadhi, kama vile maziwa yanavyoitwa iria kwa Kikuyu na iia kwa Kikamba, au shamba linavyoitwa mugunda kule na muunda huku kwetu. Neno hilohilo limo katika kitenzi cha Kiswahili kuroga, katika mulogo wa Waganda na katika ndoki wa wasemaji wa Lingala. Kadhalika neno mganga lina ndugu wengi. Wakongo husema nganga, na Washona wa Zimbabwe husema n'anga.

Je, jambo hili linatufunza nini? Linatufunza kwamba wahenga wetu wa Kibantu, tangu zama ambazo lugha hizi zilikuwa bado hazijatengana, walikuwa na neno moja la anayetibu na neno jingine la anayedhuru. Tofauti hiyo ina umri wa maelfu ya miaka. Mkorogo wetu wa leo hauzidi sana miaka mia moja.

Mkorogo huo ulianza vipi? Wageni waliokuja kututawala walikuja na neno la Kiingereza lililounganisha mchawi na daktari katika jina moja, wakamvika mtabibu wetu. Kisha neno hilo likaingia katika sheria. Mwaka 1925 serikali ya kikoloni ya Kenya ilitunga Sheria ya Uchawi, ambayo taifa huru liliirithi mwaka 1963. Sheria hiyo, ni kweli, ilikataza mtu kumshutumu mwenzake kuwa mchawi, na katika hilo haikukosea. Lakini iliwaweka katika kapu moja anayejigamba kuwa na nguvu za kudhuru na mtabibu aliyepachikwa jina lile la Kizungu. Watoto wa shule za misheni walifunzwa hivyohivyo, nao walipokuwa walimu wakatufunza sisi.

Ukambani tuna kumbukumbu chungu ya zama hizo. Mwaka 1931 mwanamke mmoja aliyetuhumiwa kumroga mke wa jirani yake aliuawa na kundi la wanaume waliodai kutekeleza king'ole, yaani hukumu ya kale ya jamii dhidi ya muoi. Wanaume 70 walifikishwa mahakamani, na mwaka 1932 watu 60 miongoni mwao walihukumiwa kunyongwa. Baadaye hukumu hiyo ilibadilishwa kuwa vifungo, baada ya mjadala mkali uliofika hadi Uingereza. Katika mjadala huo wote, walioumia ni mwanamke yule, ambaye hakuna aliyeweza kumrudishia uhai wake, na jina la Wakamba, ambalo tangu hapo halijapona sawasawa.

Mwaka huohuo wa 1931 alizaliwa Mulango, hapa Kitui, mtoto ambaye baadaye angejaribu kulitibu jeraha hilo kwa kalamu. Huyo ni John Mbiti, kasisi na msomi aliyefariki mwaka 2019. Katika kitabu chake maarufu kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, kilichotoka mwaka 1969, alimtetea mganga waziwazi. Alionyesha kuwa ni mtu wa manufaa makubwa katika jamii, mwenye mafunzo na mwiko, na akalikataa jina lile la Kizungu linalomfunga pamoja na mchawi. Waama, ni ajabu kwamba msomi wa Kitui aliyatangaza hayo ulimwenguni zaidi ya nusu karne iliyopita, na hadi leo katika shule za Kitui tunaendelea kuweka tiki pasipostahili.

Sasa nieleze kile ambacho mpwa wangu hakukijua, nami sikukijua nilipokuwa na umri wake: kwamba uganga ni shule, tena shule isiyo na siku ya kufuzu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikikusanya majina ya mimea kwa Kikamba. Nilielekezwa kwa mzee mmoja aliyekuwa amepita umri wa miaka sabini, nami nikaandamana naye mara nyingi kando ya mto wa msimu ulio karibu na kwake. Kuhusu baadhi ya watabibu husimuliwa kwamba walizaliwa wakiwa wameshika kokoto za kuagulia kiganjani. Yeye alicheka nilipomuuliza. Alisema kuwa alizaliwa mikono mitupu kama mimi, ila baba yake mdogo alikuwa mundu mue, naye alipokuwa kijana alibebeshwa mkoba wake. Kwa miaka mitatu aliruhusiwa kubeba tu. Baadaye akaruhusiwa kuchimba, kisha kutwanga, na mwishowe kumgusa mgonjwa. Kititi, kile kibuyu kidogo chenye mbegu za kuagulia, alikikabidhiwa baada ya mwalimu wake kuzeeka.

Ada nayo ilikuwepo. Ujuzi wa mti mmoja uliweza kununuliwa kwa mbuzi. Jambo hili si la Ukambani pekee. Mwanaanthropolojia Evans-Pritchard, aliyeandika kuhusu Wazande mwaka 1937, alieleza jinsi wanafunzi wa uganga huko walivyowalipa walimu wao kidogo kidogo ili waonyeshwe mmea baada ya mmea. Mzee wangu alinisimulia kwamba alipokuwa na umri wa miaka hamsini alikwenda kwa miguu hadi Tharaka, kwa sababu alikuwa amesikia kuwa kuna mtu huko anayejua matumizi ya mzizi ambao yeye aliujua kwa jina tu. Alikaa siku tisa. Alirudi akiwa amejifunza jambo moja.

Nilimwona pia akifanya kazi yake ya kila siku. Mti wa muuku aliuchuna gome upande mmoja tu, kipande cha ukubwa wa kiganja, akaupaka udongo mahali pale, kwani mti uliochunwa pande zote hufa, na mti ukifa hakuna wa kumfunza mjukuu. Kiluma, yaani mshubiri, alikata majani ya nje akaacha ya moyoni. Nyumbani kwake alikuwa na daftari la shule lenye majina ya wagonjwa na tarehe, lililoandikwa na mjukuu wake. Tangu kampeni za kupambana na UKIMWI zilipofika kijijini, hakumchanja mtu ambaye hakuja na wembe wake mpya. Siku moja aliletewa mtoto mwenye degedege. Hakumtia dawa yoyote. Alimwita kijana wa bodaboda na kuwaamuru wazazi waende hospitalini mara moja. Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwamba mganga asiyejua mwisho wa dawa zake ni hatari kuliko ugonjwa.

Je, huko si kusoma? Mtaala wa umilisi ulioanza kuingizwa katika shule zetu mwaka 2017 unataja kujifunza namna ya kujifunza kuwa mojawapo ya umilisi wa kimsingi. Mzee wangu hakuwahi kuuona mtaala huo. Lakini hadi siku za mwisho nilizokuwa naye alikuwa na orodha ya vichaka vitatu ambavyo, kwa maneno yake, "bado havijazungumza nami".

Hata hivyo, sitaki msomaji adhani kwamba namsifu kila mwenye kibuyu. Hapa ndipo pagumu, na mwalimu mwaminifu hawezi kupapita kwa haraka.

Kwanza, kuna walaghai. Nani kati yetu hajaona vibao vilivyopigiliwa misumari katika milingoti ya umeme kwenye miji yetu mikubwa, vikimtangaza mganga kutoka Kitui anayerudisha mpenzi, kukuza biashara na kunasa mwizi, kisha nambari ya simu? Wengi wa hao hawakubeba mkoba wa mtu hata siku moja. Hawana mwalimu, hawana mti wanaoujua, na mgonjwa akiharibikiwa hawana kijiji cha kuwauliza. Wamechukua jina la Kitui kama mchuuzi achukuavyo chapa ya kampuni na kuibandika kwenye bidhaa bandia. Tazama pia neno kamuti, ambalo Wakenya wa makabila yote hulitumia kwa utani wakimaanisha dawa ya mapenzi kutoka Ukambani. Kwa asili kamuti ni mti mdogo tu. Muti ni mti, na ka- ni kiambishi cha udogo. Lugha nyingi za Kibantu hutumia neno moja kwa mti na dawa, kwa kuwa dawa ilitoka mtini. Neno la msitu limegeuzwa kuwa kichekesho cha mjini, na mwanafunzi wa Kitui akifika chuoni Nairobi huulizwa kama amebeba kamuti kabla ya kuulizwa jina.

Pili, na hili ni zito zaidi, ni lazima tukiri kwamba hata mundu mue wa kweli, katika zama zilizopita, aliulizwa swali la kutisha: "Nani ameniroga?" Na wako waliolijibu kwa kutaja jina. Hapo ndipo uganga ulipouvuka mto na kuingia ng'ambo ya mauti. Anayetaja jina la jirani kutokana na mbegu zilizomwagika kwenye ngozi hatibu tena. Ametoa hukumu bila shahidi wala utetezi.

Msomaji atasema kuwa hayo ni mambo ya 1931. Laiti ingekuwa hivyo. Mwezi wa Mei mwaka 2008, huko Kisii, watu wasiopungua 11, wengi wao wazee, waliuawa kwa kuchomwa moto wakituhumiwa uchawi. Oktoba 2021, katika eneo la Marani katika kaunti hiyohiyo, wanawake wanne wazee waliuawa kwa tuhuma iyo hiyo. Kilifi nako wazee wamekuwa wakishambuliwa kwa kisingizio cha uchawi, mara nyingi nyuma yake kukiwa na tamaa ya shamba, hata ikabidi wengine wakimbilie hifadhi ya Kaya Godoma. Nchini Tanzania, ajuza wa Usukumani wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyowiva kwa moshi wa jikoni. Katika visa vyote hivyo, kabla ya jiwe na kiberiti lilitangulia neno. Mtu alisema 'mchawi', na hakuna aliyemsahihisha.

Ndiyo maana nasema kuwa tofauti hii si ya wanaisimu peke yao. Tukimwita mganga mchawi, tunatenda makosa mawili kwa pigo moja. Tunamtia hatarini mtu asiye na hatia, na tunawafukuza vijana kutoka katika elimu ambayo wangeweza kuirithi. Ni mwanafunzi gani atakayebeba mkoba wa babu yake huku darasa zima likimcheka?

Je, yawezekana kuutenga uganga na ule utajaji wa majina? Majirani zetu Watanzania wamejaribu. Mwaka 2002 walitunga Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, iliyoweka baraza la kusajili watabibu. Mwaka 2015, kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino, serikali ilitangaza marufuku dhidi ya waganga wapiga ramli waliohusishwa na mauaji hayo. Mtabibu alibaki, mpiga ramli akakatazwa. Utekelezaji una kasoro zake, lakini zingatia jinsi lugha ilivyosaidia sheria kupata pa kukata. Na Tanzania hadi leo humwita daktari mkuu wa nchi Mganga Mkuu wa Serikali, wala hakuna anayecheka. Kwetu Kenya neno hilohilo lingetufanya tuangue kicheko. Tumelishusha hadhi wenyewe.

Hata nyumbani tuna mfano wa kujivunia. Katika kaunti jirani ya Makueni, katika muongo uliopita, shirika la utafiti wa afya ya akili lililoasisiwa na Profesa David Ndetei wa Chuo Kikuu cha Nairobi liliwaleta pamoja wauguzi, wahudumu wa afya wa kijamii, wahubiri wanaoombea wagonjwa na waganga wa kienyeji. Walifunzwa kutambua dalili za sonona na maradhi mengine ya akili kwa kufuata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, na kumpeleka mgonjwa hospitalini inapobidi. Tafakari jambo hilo. Mgonjwa aliyezoea kuambiwa amerogwa sasa angeambiwa, na mtu anayemwamini, kwamba ana ugonjwa wenye jina na tiba. Swali "nani ameniroga?" likakosa wa kulijibu. Hiyo ndiyo maana ya mganga kuendelea kusoma. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 nayo imeitambua tiba ya asili, na azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 lilikuwa limekwisha kuwataja watabibu wa jadi katika huduma ya afya ya msingi.

Wakati huohuo, darasa lenyewe la uganga linabomoka. Muuku hukatwa kwa makaa, na hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka 2018 serikali ya Kaunti ya Kitui ilipiga marufuku kusafirisha makaa nje ya kaunti. Wenye majina ya miti nao wanatutoka mmoja mmoja. Mzee niliyekuwa nikiandamana naye hayupo tena. Katika daftari langu nina majina ya mimea ambayo nikiyataja mbele ya wanafunzi wangu wa Kikamba hunitazama kama ninayesema Kilatini.

Nina mapendekezo matatu mepesi kwa walimu wenzangu. La kwanza, kalamu nyekundu na ifanye kazi yake. Mwanafunzi akimwita mtabibu mchawi, mpigie mstari na umweleze, kama vile ungemsahihisha kwa kuandika 'dawa' mahali pa 'sumu'. La pili, watume wanafunzi nyumbani wakaulize majina ya miti mitano ya dawa kwa lugha zao za mama, pamoja na jina la aliyewaeleza. Wasilete dawa, walete majina. Mtoto aliyemwandika bibi yake kama mwalimu hatamrushia jiwe bibi wa mwenzake. La tatu, wafunzeni wanafunzi kuuliza swali la pili kila wanaposikia mtu akiitwa mchawi: nani amesema, na anafaidi nini? Nawahakikishia kwamba mara nyingi jibu litaelekea kwenye shamba, wivu au kilio cha msiba usioelezeka.

Kwa wanafunzi nina neno moja tu. Asiyejua maana haambiwi maana, walisema wahenga, lakini hawakusema asiulize. Mpwa wangu aliuliza, na kwa kuuliza alinipita mimi wa umri wake, ambaye sikuuliza chochote ila nilisubiri kicheko.

Insha yake ameiandika upya. Neno mchawi halimo. Jioni kabla sijaondoka alikuja na swali jingine: yule bibi niliyemwandika, aliitwaje? Nilimtajia jina, naye akaliandika pembeni mwa ukurasa. Mjukuu wa bibi huyo sasa ni mwalimu katika shule moja hukohuko Kitui. Huenda akayasoma haya. Ikiwa atayasoma, ajue kwamba nilikosea, na kwamba nakumbuka ni nani aliyeniponya mguu.